Mstari Unaokuambia Uko Wapi

Mlinicheka, na nilisikia. Msidhani uzee huanzia masikioni. Kwangu umeanzia magotini. Siku ile chuoni Iringa, nilipofungua laptopu yangu mbele ya darasa na lile dirisha jeusi likatokea ukutani, safu yote ya nyuma ilijifanya inakohoa. Kwenye mstari wa juu paliandikwa kwa herufi kubwa: NYUMBANI MAFINGA, JIKONI. Ikafuata folda niliyokuwamo, alama ya dola, na kile kimstari kinachopepesa kikisubiri amri.

"Mama Skola," mmoja wenu aliniuliza kwa heshima zote, midomo ikimtetemeka, "hiyo kompyuta huwa inasahau kwamba iko jikoni?"

Kompyuta haisahau, mwanangu. Anayesahau ni anayeibonyeza. Sikupata nafasi ya kukujibu vizuri kwa sababu saa ya chai ilifika, na ninyi kwenye maandazi hamna mshindani. Kwa hiyo nawaandikia. Muda ninao. Nimestaafu, mipaini yangu inakua bila kuniomba ushauri, na lori la mbao likishapita barabarani kinachobaki ni vumbi na mimi.

Kwa asiyekuwepo darasani, nieleze kwanza. Ukitaka kuiambia kompyuta jambo kwa maandishi badala ya kubofya vipicha, unafungua dirisha la amri. Kabla hujaandika chochote, kompyuta yenyewe inatanguliza mstari mfupi. Ninyi mnauita promti. Ukiuacha ulivyo, utakutajia jina lako, jina la mashine na folda uliyomo, halafu utakaa kimya. Lakini unaweza kuugeuza utakavyo: uongeze rangi, uongeze saa, uandike hata jina la shangazi yako. Kwenye mashine nilizofanyia kazi, maelekezo yake yanakaa kwenye kitu kinachoitwa PS1, ndani ya faili moja lililojificha kwenye folda yako. Mimi nimeshughulika na mstari huo miaka ishirini na sita, nikiwa fundi wa kompyuta katika hospitali moja Mbeya, na nimefanya makosa yake yote. Machache niliyarudia, ili nihakikishe.

Kosa la kwanza lilikuwa la kujipamba. Nilipojua tu kwamba promti inaweza kuwa na rangi, niliipa rangi saba. Jina langu lilikuwa la zambarau, katikati ya nyota mbili. Mkubwa wa ofisi yetu, Mzee Ambakisye, alikuja kuiangalia. Alikuwa Mnyakyusa wa Rungwe, mrefu, mtu wa chai isiyo na sukari, na alikuwa na tabia ya kusoma skrini huku amefunga mikono mgongoni kama msimamizi anayekagua shamba la chai. Akaangalia nyota zangu, akaguna, akaondoka.

Kesho yake balaa likaanza. Kila nilipoandika amri ndefu, maandishi yalifika katikati ya skrini, yakarudi mwanzo wa mstari uleule na kuandikana juu yao yenyewe. Sikuweza kusoma nilichoandika. Nikajua kibodi imeharibika. Nikaifungua, nikaisafisha kwa spiriti kitufe kwa kitufe. Haikusaidia. Nikaenda soko la Mwanjelwa, nikatafuta kibodi nyingine, nikarudi nayo. Ugonjwa uleule.

Siku ya tatu Mzee Ambakisye akasimama nyuma yangu.

"Umemaliza kumtibu asiyeumwa?"

"Mzee, hizi kibodi ni mbovu."

"Kibodi ni nzima. Hizo rangi zako zimeandikwa kwa alama ambazo wewe huzioni, lakini kompyuta inazihesabu kama herufi. Inadhani mstari umejaa wakati bado. Kila alama ya rangi ianze na mkwaju, kile kimstari kilicholalia nyuma, na mabano ya kufungua, imalizike na mkwaju na mabano ya kufunga, yale ya mraba. Hapo itajua kwamba si za kuhesabu."

Nikafanya hivyo. Mstari ukanyooka. Nikamuuliza alijua tangu lini.

"Tangu juzi."

"Na ukaniacha?"

"Ningekuambia juzi, ungejua mabano tu. Leo unajua mabano na kibodi."

Sasa mnaelewa nililelewa na nani.

Miaka mingi baadaye, yeye akiwa ameshastaafu na mimi ndiye mkubwa wa ofisi, alikuja Jesca, binti mwenye akili kali na kucha ndefu. Mpaka leo sijui aliandikaje. Promti yake ilikuwa na ghorofa tatu. Palikuwa na kiwango cha betri, palikuwa na jogoo aliyechorwa kwa herufi, na palikuwa na hali ya hewa ya Mbeya. Kila akibonyeza Enta, kompyuta ilitoka kwenda kwenye mtandao kuuliza hali ya hewa, ikarudi na jibu, ndipo ikamruhusu aandike. Mtandao ukiwa mzuri, alisubiri kidogo tu na kujidai sana.

Siku moja mtandao ukakatika hospitali nzima. Wote wanatuangalia sisi. Jesca akakaa, akabonyeza Enta, dirisha likaganda. Hakuweza kuandika hata amri ya kutafuta mtandao umekatikia wapi, maana promti ilikuwa bado haijarudi.

"Mama, kompyuta imekufa."

"Haijafa. Imekwenda kuuliza kama mvua inanyesha." Nikainuka, nikasukuma dirisha la ukutani, lile la vioo. "Inanyesha. Iambie irudi."

Alininunia hadi jioni, lakini aliitoa. Jogoo alibaki, nami nikamkubalia, kwani jogoo hatoki kwenda popote. Hilo ndilo la kushika: promti iulize mambo yaliyo karibu tu, yanayojibika bila kusubiri. Na unapojaribu promti mpya, ijaribu kwanza kwenye dirisha lililo wazi, uone inavyokaa, ndipo uiandike kwenye faili. Faili lenyewe liwekee nakala kabla hujaligusa. Mkiweka saa, jueni inaonyesha wakati promti ilipojitokeza, si wakati mlipobonyeza. Niliwahi kubishana na daktari mzima juu ya hilo, na aliyekosea nilikuwa mimi.

Lakini haya ni ya kuchekesha, na mlichonicheka ninyi ni yale maneno makubwa, MAFINGA, JIKONI. Basi niwaambie yalikotoka.

Zamani, kabla Mzee Ambakisye hajastaafu, hospitali yetu ilikuwa na seva mbili kwenye chumba kimoja, moja juu ya nyingine. Ya juu ilishika majibu ya maabara: damu, mkojo, makohozi, kila kipimo cha kila mgonjwa, na madaktari waliyasoma kwenye skrini wodini. Ya chini ilikuwa ya mazoezi. Ilijaa wagonjwa wa uongo niliowatunga mwenyewe ili wauguzi wajifunzie. Palikuwa na Jaribio Jaribio wa Uyole, anayeugua malaria kila wiki na hafi, na mwenzake Mfano Mfano wa Makambako. Mzee Ambakisye alizifunga mashine zote mbili siku moja, kwa diski moja, na hakuna aliyekumbuka kuzipa majina tofauti. Kwa hiyo promti zake zilifanana herufi kwa herufi, mpaka ile alama ya reli mwishoni, ambayo maana yake ni kwamba aliyeingia ana mamlaka yote na hataulizwa swali.

Mimi nilikaa ofisini, ng'ambo ya uwanja, nikiziingia kwa mtandao. Dirisha la kushoto lilikuwa la wagonjwa wa kweli, la kulia la wa uongo. Hiyo ndiyo ilikuwa alama yangu: kushoto kweli, kulia uongo. Kwa miaka miwili ilinitosha.

Alhamisi moja asubuhi nilikuwa na wauguzi wapya wa kufundisha saa nne. Nikataka kufuta majibu yote ya uongo ili waanze na folda tupu. Kabla sijaandika, fundi bomba akaja kuomba ufunguo wa stoo. Nikaenda kumfungulia. Niliporudi, mtandao ulikuwa umeyumba na madirisha yote mawili yamejifunga. Nikayafungua upya harakaharaka, la kwanza likakaa kulia, la pili kushoto. Kwenye lile la kulia nikaandika amri ya kufuta kila kilichomo kwenye folda ya majibu, nikabonyeza.

Kompyuta ikifuta haipigi kelele. Mstari ulirudi uleule, ukapepesa, kama vile hapajatokea kitu. Nikahamia dirisha la kushoto niangalie lile jingine, na nani nikamkuta? Jaribio Jaribio wa Uyole, mzima, na malaria yake.

Nilisoma jina lake mara tatu.

Nikamwendea Mzee Ambakisye. Alikuwa na kikombe mkononi.

"Mzee, nimefuta."

"Umefuta nini?"

"Wa kweli."

Akaweka kikombe chini. Hakupaza sauti. Ningefurahi kama angepaza. "Usiguse kitu kingine," akasema. "Ukihangaika utachafua na kilichobaki. Nani ameshajua?"

"Bado hakuna."

"Basi nenda ukawaambie maabara sasa hivi, kabla daktari hajaamini skrini tupu kwamba ni jibu."

Yeye akakaa kurudisha nakala rudufu, nami nikakimbilia maabara. Nakala ilikuwa ya Jumapili. Majibu ya Jumatatu mpaka Alhamisi ile hayakuwa popote.

Na hapa ndipo aibu yangu inapopata aibu ndogo yake. Mkuu wa maabara aliitwa Dada Atupele. Alikuwa na daftari kubwa lenye jalada gumu alimoandika kila jibu kwa mkono wake. Miezi mitatu kabla ya siku ile niliingia kwake na kiburi changu chote nikamwambia aache kulijaza, eti anafanya kazi mara mbili. "Dada Atupele," nilimwambia mbele ya wenzake, "hiki ni kitabu cha Agano la Kale." Alibisha wiki nzima, mwishowe akalifungia kabatini.

Nilipomaliza kumweleza, alivua miwani, akaifuta taratibu.

"Enhe," akasema. "Na Agano Jipya limefanya nini?"

Akavaa miwani, akashika simu. Akapiga wodi moja baada ya nyingine akiuliza majibu ya nani yameshanakiliwa kwenye faili la karatasi la mgonjwa. Mengi yalikuwa yamenakiliwa. Watu ishirini na watatu yao hayakuwa.

"Hao watachomwa upya," akasema. "Na wewe tunakwenda wote."

"Mimi si muuguzi, dada."

"Wewe ni mfutaji. Utawaeleza."

Tukazunguka, yeye na trei ya sindano, mimi na msamaha. Kitanda kwa kitanda nilisema maneno yaleyale: jina langu ni Skolastika, nafanya kazi kwenye kompyuta, majibu yako nimeyafuta kwa makosa yangu, tunaomba damu nyingine. Wengi walinyoosha mkono tu. Mama mmoja alinipa pole mimi, jambo lililoniumiza zaidi. Mzee mmoja Mlutheri kutoka Ilula aliomba anishike kichwa aniombee, na akaniombea kwa sauti iliyojaza wodi nzima, akitaja dhambi yangu kwa ufafanuzi ambao hata mimi sikuwa nimempa.

Wa mwisho alikuwa kitanda namba sita, wodi ya akina mama. Aliitwa Mama Limi, mke wa mfugaji Msukuma. Ukoo wao ulihamia zamani bonde la Usangu, nao walikuwa wametokea huko ng'ambo ya Chimala. Alikuwa na uvimbe tumboni na damu imempungukia sana. Alitakiwa kufanyiwa upasuaji kesho yake asubuhi, na daktari hakuweza kuanza bila yale majibu. Mumewe, Masanja, alikuwa amekaa kando ya kitanda, kofia kwenye goti.

Nikasema maneno yangu. Masanja akanisikiliza mpaka mwisho.

"Mama, hebu nieleze polepole. Mimi ni mtu wa ng'ombe. Hizo mashine ziko mbili?"

"Mbili, baba."

"Zinafanana?"

"Zinafanana kabisa."

"Sasa mnazijuaje?"

"Mimi nilikuwa nakumbuka. Moja naiweka kushoto, nyingine kulia."

Akamwangalia mkewe, akanirudia mimi. "Mimi ng'ombe wangu wanachunga pamoja na wa jirani, na wengine ukiwaona utasema ni mapacha. Kila mmoja ana alama. Naitia akiwa ndama, sisubiri siku ya kuchinja. Ninyi mmetia alama?"

"Hatujatia."

"Basi usiseme umefuta kwa bahati mbaya," akasema, bila ukali wowote. "Mlikuwa mnasubiri siku tu."

Nimesikiliza semina nyingi tangu siku hiyo, na nyingine zilikuwa na chakula kizuri. Hakuna iliyonieleza kazi yangu vizuri kuliko yeye.

Dada Atupele akafunga mpira kwenye mkono wa Mama Limi. Mama Limi akauvuta mkono wake. Alikuwa dhaifu, sauti ndogo, lakini macho makali.

"Aliyefuta ni yupi?"

"Ni mimi, mama."

"Achomwe yeye kwanza. Nataka kuona kama anajua inavyouma."

Wodi nzima ikaangua kicheko, hata wale wasioweza kucheka bila kushika mishono. Nami nikacheka, nikidhani ni utani. Dada Atupele hakucheka. Alivuta stuli.

"Kaa, Skola."

Nikakaa. Nikakunja mkono wa sare. Niwaambie ukweli, sindano naiogopa. Ndiyo sababu nilikwenda kusomea kompyuta. Alinichoma mbele yao wote, akajaza kichupa, na mpaka leo sijui kama kilihitaji kujaa vile. Mama Limi aliniangalia uso muda wote. Niliponung'unika, akatikisa kichwa kuonyesha ameridhika, akanyoosha mkono wake.

Ingeishia hapo, lakini Dada Atupele hakuwahi kumwaga damu bila kuipima. Saa kumi jioni alikuja ofisini kwetu, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

"Damu yako na ya mama wa namba sita ni kundi moja," akasema. "Daktari anataka uniti mbili, akiba ya kundi lake imebaki moja. Mumewe kundi halikubali. Ndugu zake wametafutwa, watafika kesho mchana, na upasuaji ni asubuhi. Umekula?"

"Sijala tangu jana."

"Nenda kale wali na maharage, unywe chai yenye sukari, urudi kwangu. Kuna kitanda kinakusubiri."

Nikala. Nikarudi. Nikajibu maswali yake yote, akapima yote yanayopaswa kupimwa, nikalala, nikatoa uniti moja. Sikuzimia. Dada Atupele anasema nilizimia. Lakini yeye ndiye mwenye daftari, alilifungua tena siku ileile, na kilichoandikwa mle siwezi kukifuta.

Ijumaa asubuhi, wakati Mama Limi akiwa chumba cha upasuaji, mimi na Mzee Ambakisye tuliitwa kwa mganga mfawidhi. Nilijiandaa kufukuzwa, nilikuwa nimeshafikiria nitakavyomwambia mama yangu. Mganga aliuliza ilikuwaje. Nikafungua mdomo, Mzee Ambakisye akatangulia.

"Daktari, huyu alibonyeza. Lakini aliyefunga mashine mbili kwa jina moja ni mimi. Siku hiyo nilikuwa na haraka ya kuwahi harusi Tukuyu, nikasema majina nitabadilisha Jumatatu. Jumatatu hiyo haijafika mpaka leo."

Mganga akatuangalia wote wawili kwa zamu. Tulipewa barua za onyo, kila mmoja yake, na tuliambiwa tutoke kabla hajabadilisha mawazo. Kwenye korido nilitaka kumshukuru mzee. Akanikatiza.

"Usinishukuru. Nimesema kilichotokea. Njoo tutie alama."

Jumamosi tulishinda ofisini. Kwanza alinifundisha kubadilisha majina ya mashine zenyewe. Ya juu ikawa WAGONJWA, ya chini ikawa MAZOEZI. Kisha tukayaweka majina hayo mwanzoni kabisa mwa promti, kwa herufi kubwa, kabla ya kitu kingine chochote. Mimi, kwa mapenzi yangu ya rangi, nikapaka WAGONJWA nyekundu na MAZOEZI kijani, safari hii na mabano yake. Nikamwita aone.

Akasimama, mikono mgongoni. "Vizuri. Ipi ni nyekundu?"

Nikadhani ananipima. "Si ndiyo hii ya juu, mzee."

"Mimi naona tope mbili."

Hapo ndipo nilipojua kwamba mtu niliyefanya naye kazi miaka yote hiyo hatofautishi nyekundu na kijani. Hakuwahi kusema kwa sababu hakuna aliyewahi kuuliza. Ndiyo maana alipoziona rangi zangu saba aliguna tu. Kwa hiyo shikeni na hili: rangi ni ya kushtua jicho, neno ndilo la kuaminika. Ukitegemea rangi peke yake, yuko mwenzako ambaye hujamsaidia, na huenda ndiye bosi wako.

Akanitungia na sheria moja. Kabla ya kubonyeza Enta kwenye amri yoyote inayofuta, toa mikono kwenye kibodi, soma promti kwa sauti kuanzia herufi ya kwanza, kisha soma amri. Ofisi nzima ilinisikia nikisema "wagonjwa, folda ya majibu" kama mtoto wa darasa la kwanza. Wenzangu walikohoa vilevile kama ninyi. Hata Jesca alipokuja alikohoa, mpaka siku alipojisikia mwenyewe akisema "wagonjwa" badala ya "mazoezi", akanyanyua mikono yake yote miwili hewani kama aliyeshikwa na polisi. Siku hiyo nilimnunulia soda.

Jumatatu yake nilikwenda Mwanjelwa tena. Nilitaka na masanduku yenyewe ya mashine yawe na alama. Nikanunua rangi ya kucha.

"Dada, ya mkono au ya mguu?" muuzaji akaniuliza.

"Ya kompyuta."

Akanipunguzia bei kwa huruma.

Mama Limi alikaa wodini siku tisa. Uvimbe ulitoka wote, na rangi ya uso ikaanza kumrudia. Nilikuwa nikipita asubuhi kumsalimia, na kila mara aliniuliza kama leo nimefuta mtu. Nilimjibu bado. Akasema sawa, siku haijaisha.

Siku aliyoruhusiwa walikuja wenyewe ofisini, Masanja mbele na mfuko begani, yeye nyuma akitembea polepole kwa miguu yake. Mzee Ambakisye akatoa kiti. Masanja aliomba kuona mashine. Nikawapeleka, akainama akakagua ile rangi ya kucha, akaipitisha kidole kuona kama imekauka. Nikamwonyesha na promti kwenye skrini, akaomba nimsomee, nikamsomea. Hakusifu. Akasema imekaa mahali pa kuonekana.

Mama Limi alikuwa amebaki mlangoni, ameegemea fremu. Alikuwa ameshaambiwa wodini uniti ya pili ilitoka kwa nani. Akaniita nimsogelee, nikadhani anataka kushikwa mkono.

"Nasikia damu yako ndiyo wameniwekea," akasema.

"Ndiyo, mama."

Akaweka kiganja juu ya kifua chake. "Basi mwanangu, uwe unaangalia. Ukinifuta tena, na wewe umo humu."

Masanja akacheka mpaka mfuko ukamteleza begani. Mimi sikuweza kucheka. Niliuokota ule mfuko, nikauweka begani kwangu, nikawasindikiza mpaka stendi.